Besi Iliyotangulia Msibani

Mtu akikuambia besi ni tarumbeta kama tarumbeta nyingine, ila kubwa kidogo, usibishane naye, hajawahi kuibeba. Besi ya bendi ya kanisa pale Chang'ombe, Dodoma mjini, ilikuwa na uzito wa mbuzi aliyeshiba. Kisha marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakaleta kasha lake, gumu, jeusi, la komeo za chuma, pana upande wa mdomo wa besi na jembamba upande wa pili, na uzito ukawa wa mbuzi wawili. Magurudumu yake yalikufa mwezi wa kwanza tu. Mchanga wa Dodoma hauna adabu kwa vitu vya wageni.

Mpigaji wa besi hiyo alikuwa Mzee Eliakimu, mstaafu wa reli, mtu wa mashavu mapana na maneno machache. Ndiye aliyeweka sheria kwamba besi haitoki kanisani bila kasha lake. Aliiweka baada ya safari moja ya harusi, pale mama mmoja wa kwaya, aliyejaliwa mwili, alipoikalia ndani ya kosta na kuubonyeza mdomo wake. Tangu hapo Eliakimu aliisimamia sheria ile kwa ukali, kama watu wanavyosimamia mambo waliyoyabuni wenyewe. Hakujua kwamba ingemgeukia siku ya kumzika mwanawe.

Elieth alikuwa binti yake wa pekee. Moyo ulianza kumsumbua wakati wa mvua, akaletwa mjini kutibiwa, akaonekana kupata nafuu, halafu akafa alfajiri moja kabla hata chai haijachemka nyumbani. Alikuwa ameolewa kijiji kimoja mbele ya Kongwa, nyumba yao na mumewe Jordan haijapigwa hata lipu. Na mke huzikwa kwa mumewe. Hilo Eliakimu hakulipinga. Alilotaka ni moja tu, apulize besi mwanawe akishushwa kaburini.

Asubuhi ya maziko uwanja wa mochwari ulijaa magari. Kila gari la msafara lilipewa utepe mwekundu wa kufunga mbele, ili watu wa njiani wajue ni msiba na wapishe. Wanabendi walishapanda kosta yao, na konda alikuwa amesimama mlangoni akilitazama lile kasha kama mtu anayetazama ng'ombe anayetaka kuingia sebuleni.

"Mzee, hilo haliingii," alisema. "Buti imejaa viti na masufuria, na hapa mlangoni halipiti."

Silvano, kiongozi wa bendi, akamshika Eliakimu mkono. "Baba, besi tuiache leo. Wewe ni mfiwa. Mfiwa hafanyi kazi, anafanyiwa. Panda gari la familia ukae na mama."

"Silvano, wimbo wa kushushia mwili unaanza na nini?"

"Na besi, baba."

"Na nani mwingine?"

"Peke yake."

"Nimewapulizia watoto wa watu mji huu mpaka nimesahau nyuso zao. Wa kwangu hatashuka kimya."

Ni kweli, katika bendi yao wimbo ule ulianza na besi tupu, noti moja ndefu ya chini kabisa, kamba za kushushia jeneza zikiwa zinalegezwa, ndipo tarumbeta nyingine zikaingia. Na hakukuwa na mpigaji mwingine wa besi. Vijana wote wanataka kupiga sauti ya kwanza, wasikike na wasichana.

Aliyemwokoa ni Damas, jirani yake, mwenye pikapu ya kubebea zabibu. "Mimi nitaipeleka, mzee," alisema. Wakalipakia kasha nyuma. Eliakimu hakuziamini kamba za Damas, akapanda nyuma mwenyewe na kuketi pembeni yake.

Hapo ndipo Ruthu, mkewe, alipokuja akiwa amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba.

"Baba Elieth," alisema taratibu, "kwa hiyo mimi nitasafiri na jeneza peke yangu?"

"Jordan yupo."

Jibu gani hilo kumpa mwanamke aliyefiwa na mwanawe? Hata yeye mwenyewe alijuta kabla halijamtoka lote. Lakini hakushuka. Ukweli ni kwamba alikuwa bado hajaliangalia lile jeneza. Tangu simu ya hospitali alikuwa akijitafutia shughuli, mara turubai, mara mchungaji, mara mafuta ya valvu za besi. Mtu mwenye shughuli hakuna anayemuuliza moyo wake ukoje.

Mwili ulichelewa kuandaliwa. "Tangulieni," Silvano akawaambia, "tutawakuta mbele." Damas akafunga utepe mwekundu kwenye kioo cha pikapu, maana na wao ni wa msafara, akawasha taa za tahadhari. Eliakimu akalifunika kasha kwa shuka jeupe alilotoka nalo nyumbani, kuzuia vumbi, akaweka mkono juu yake ili lisiteleze. Wakaondoka.

Walipofika Ihumwa, bodaboda waliokuwa wakigombea abiria wakanyamaza ghafla. Mmoja akavua kofia. Buigiri, wanawake waliokuwa wakipanga nyanya wakasimama wote, na mmoja akajishika kiuno na kutikisa kichwa kwa huruma. Askari wa barabarani alisimamisha lori la mchanga, akawapisha, akapiga saluti. Eliakimu alishangaa kwanza. Kisha akajitazama kwa macho ya wale watu. Wanaona gari lenye utepe mwekundu, sanduku pana huku na jembamba kule, shuka jeupe, na mzee aliyeinama ameliwekea mkono.

Alitaka kulivua lile shuka. Mkono haukwenda.

Badala yake akajikuta anaongea. "Tumepita Chamwino," aliliambia sanduku. Elieth alipokuwa mdogo walisafiri naye kwa treni mara nyingi, na mtoto yule hakuchoka kuuliza tumefika wapi, baba, tumefika wapi. Alikuwa mfupi hata kwa umri wake, lazima ainuliwe dirishani. "Sasa tunaikaribia Mbande. Hapo tunakata kulia." Upepo ulimpiga usoni, na Damas kule mbele hakusikia kitu. Eliakimu aliongea mpaka Kongwa, na mpaka barabara ya lami ilipowaacha.

Kijijini turubai lilishafungwa, na chini yake mabenchi mawili yamewekwa sambamba, yakisubiri jeneza. Wanawake walikuwa wameketi chini, wanaume kwenye viti upande wa pili. Pikapu ilipochomoza kwenye mashina ya mtama, mtu mmoja akasema, "Wamefika." Ikatosha.

Yowe lilipanda kutoka kwa wale wanawake kwa mara moja, kali, zito, likamgonga Eliakimu kifuani. Kabla hajashuka, wanaume sita wamelifikia gari. Walilipokea kasha kama inavyotakiwa, kwa mabega, polepole, macho chini. Eliakimu alikuwa ameandaa salamu ya wenyeji mdomoni, "Mbukwenyi," ikabaki hapo hapo. Alisema, "Jamani, subirini," lakini mzee mmoja alimkumbatia akalia begani kwake, na maneno yake yakazama kwenye koti la yule mzee.

Alipojinasua, kasha lilikuwa tayari juu ya mabenchi, na Penina, mama yake Jordan, alikuwa amelala juu yake.

"Elieth mwanangu!" Penina alilia. "Uliniambia unakwenda kupima tu! Nimekuachia mlenda kwenye chungu, nikasema akirudi atakuta. Nani atanisuka mimi? Ee Elieth, walisema mkwe ni mgeni, akae mwaka ndiyo umjue. Wewe hukuwa mgeni hata siku moja! Ulipika na mimi, ulilima na mimi, tulicheka mpaka mume wako akatuonea wivu!"

Sasa nikueleze kosa la Eliakimu, maana si lile la shuka. Hatua tatu tu zilikuwa kati yake na Penina. Neno moja lingetosha. Lakini tangu harusi alikuwa akilala na wasiwasi, mwanangu anaishije kule, wanampenda au wanamtumikisha? Alikuwa akimuuliza kwenye simu, na Elieth alikuwa akicheka tu na kusema, "Niko salama, baba," kama wanavyosema wote, wenye raha na wenye shida. Leo jibu lilikuwa likimwagwa mbele yake na mwanamke asiyejua kama anasikilizwa. Eliakimu alinyamaza kwa sababu alitaka kusikia zaidi.

Alinyamaza Penina alipoeleza jinsi Elieth alivyomfunika usiku wa homa. Alinyamaza wanawake wengine walipoitikia na kujitupa chini. Alinyamaza mpaka yowe lile likafika kileleni, likaanza kushuka, sauti zikiwa zimekauka. Ndipo mkono wa Penina ulipolivuta shuka bila kukusudia, na komeo za chuma na mpini wa kubebea vikatokeza.

"Mbona lina mpini?" aliuliza.

"Mama Jordan," Eliakimu akasema, "huyo si Elieth."

Penina aliinua uso. "Ni nani?"

"Ni besi. Chombo cha bendi. Mwili uko nyuma, unakuja."

Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ndogo, kama anayejitetea, "Elieth alikuwa mfupi. Ndiyo maana hatukushangaa." Penina alijiinua, akajifuta uso kwa kanga, akaingia ndani bila kumtazama mtu.

Mzee Nathanaeli, baba mkubwa wa Jordan na msemaji wa familia, alikuja akitembelea fimbo. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mkwe wetu, umetufanya tulie bure."

"Naomba radhi, mzee. Sikukusudia."

"Sikiliza. Hapa kwetu kilio cha kwanza ndicho kinachompokea marehemu nyumbani. Kinamwambia, hapa ni kwako, ingia. Hakirudiwi. Watu wameshakitoa, wamekitoa chote, wamekipa sanduku la ngoma zenu. Mwanao akija sasa hivi tutampokea na nini? Na makombo?"

Eliakimu aliinamisha kichwa.

"Hicho chombo kipelekeni kule zizini," mzee aliwaambia vijana. "Kisikanyage makaburini. Na wewe, mkwe, ukae na wafiwa. Mfiwa hapulizi. Mfiwa anakaa."

Msafara ulifika jua likiwa utosini. Wanawake walisimama, wakalia, kwa sababu walimpenda Elieth na hawakuwa na hila. Lakini koo zilikuwa zimekwisha. Kilitoka kilio chembamba, cha mikwaruzo, kikakatika njiani, kikaanzishwa tena na watu wachache. Jeneza likapita katikati yake.

Ruthu alishuka garini akishikwa mikono na wanawake wawili. Alisimama, akageuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyefika kwenye nyumba akakuta mlango umefungwa. Akamwona mumewe.

"Baba Elieth," alimnong'oneza, "mbona hawamlilii mwanangu?"

Maneno hayo yalimkata Eliakimu kuliko yote aliyoambiwa siku ile. Ruthu akapelekwa kwenye benchi la wafiwa na swali lake mkononi.

Ibada ilisomwa, na wasifu, na salamu za rambirambi. Watu walimshika Eliakimu mkono na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye akawaitikia bila kuwasikia. Aliwaza besi tu. Sasa aliitaka kwa uchungu zaidi ya asubuhi. Mwanawe amekosa kilio cha kumpokea, na aliyekila ni baba yake. Je, akose na sauti ya kumuaga? Jeneza lilipobebwa kuelekea makaburini nyuma ya shamba, alimfuata Mzee Nathanaeli, akapiga goti mavumbini, mbele ya watu wazima na watoto.

"Mzee, niadhibu utakavyo. Lakini niruhusu nipulize. Ni noti moja tu ya kuanzia."

"Nimeshasema, mkwe."

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya Penina, akimwambia Mzee Nathanaeli, imekwaruza, imebaki kidogo sana. "Aliyelia juu ya sanduku lile ni mimi. Kama kuna wa kukasirika, nitangulie mimi. Na mimi sina hasira tena, sina hata nguvu ya hasira. Mpeni chombo chake ampulizie mtoto."

Mzee Nathanaeli aliichoma fimbo yake mchangani, akaitazama. Kisha akawaashiria vijana kwa kidevu waende zizini.

Bendi ilijipanga upande wa kichwa cha kaburi. Eliakimu alifungua komeo, akaitoa besi, ikawaka juani. Akaivaa kifuani, akaweka vidole kwenye valvu, akavuta pumzi. Wanaume wanne wakashika kamba. Silvano akamwangalia, akasubiri.

Mpiga besi hana budi kuzitazama kamba. Asipozitazama hajui aanze lini. Basi Eliakimu akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Elieth afe akaliona jeneza la mwanawe. Lilikuwa la rangi ya kahawa, na msalaba mdogo, na jina. Mtu alikuwa ameliandika jina vizuri, kwa rangi nyeupe, bila haraka.

Kamba zikalegea. Akapuliza.

Besi haipigwi kwa mapafu. Mapafu yanasukuma tu; sauti inazaliwa midomoni, na midomo sharti ikaze, itetemeke kwa kipimo. Midomo ya Eliakimu ilikuwa ikitetemeka yenyewe, bila kipimo. Ikatoka hewa tupu. Ilipita kwenye mabomba yote yale, ikazunguka, ikatokea juu kama upepo unaopita chini ya mlango. Akabana tena, akapuliza. Hewa. Jeneza lilikuwa likishuka. Akapuliza mara nyingine, kwa nguvu zote, shingo imesimama mishipa, vidole vikibonyeza valvu sahihi kwa mpangilio sahihi, na watu wote wa kile kijiji wakamsikia mzee mmoja akihema ndani ya shaba. Hakuna aliyecheka. Hata watoto hawakucheka.

Kamba zikalegea kabisa. Jeneza limefika chini.

Ruthu aliinuka kwenye benchi, akapita kati ya wapiga tarumbeta, akamshika kifundo cha mkono.

"Shusha, baba Elieth."

"Wimbo unaanza na besi," alisema. Midomo yake ilikuwa imelowa.

"Najua. Shusha. Leo huna kazi."

Silvano akaipokea besi, akaikumbatia kwa sababu hakujua pa kuiweka. Ruthu akamwongoza mumewe kama anavyoongozwa mtu asiyeona, wakaketi benchi la wafiwa, yeye na yeye, magoti yakigusana. Silvano akainua mkono, na bendi ikaanzia pale panapoingia tarumbeta, bila sauti ya chini. Wimbo ulikuwa umepungua. Hata asiyejua muziki aliusikia ulivyopungua.

Eliakimu alilia basi. Alilia mdomo wazi, bila kujifunika, kwa sauti nzito, mpaka vijana wa bendi wakashindwa kuinua macho. Ruthu alimshika tu mkono. Alipopata pumzi, aliinamia sikio lake.

"Walimlilia, mama Elieth," alisema. "Walimlilia sana. Ni mimi niliyekisikia kile kilio. Nilitangulia, nikakisikia peke yangu, nikakinyamazia."

Koleo la kwanza la udongo lilipiga juu ya mbao, na Jordan akaanguka mikononi mwa nduguze.

"Walisema nini?" Ruthu aliuliza.

"Mama mkwe wake alisema hakuwa mgeni hata siku moja."

"Na nini tena?"

"Alisema alimwachia mlenda kwenye chungu."

"Nieleze vizuri," Ruthu alisema. "Usiruke kitu."

Akamsogelea, akaanza tangu pikapu ilipochomoza kwenye mtama, na udongo ukaendelea kuingia.